Ndovu Amekula, Nani Alipe? Sheria na Dai Lisilojibiwa

Hotuba kwa mkutano wa wakulima na wafugaji wanaopakana na mbuga za Tsavo, Voi, Kaunti ya Taita Taveta

Mwenyekiti wa mkutano, machifu na manaibu wenu, wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliosimama kule nyuma kama watu walio njiani: habari za asubuhi.

Ahsanteni kwa kunialika. Najua wakili akishika maikrofoni watu huanza kuulizana chakula ni saa ngapi, kwa hivyo nitaingia moja kwa moja penye uchungu. Sheria ya wanyamapori ya nchi hii inakupa haki ya kulipwa mnyama anapokuharibia mali. Haki hiyo ipo, imeandikwa, si maneno ya kampeni. Lakini mzigo wa kuthibitisha imekuachia wewe, halafu ikaacha pengo ambamo dai lako linaweza kulala miaka mingi pasipo mtu kukwambia ndiyo wala hapana. Leo nataka tulione pengo hilo liko wapi na namna ya kuliziba.

Asilimia 62 hivi ya ardhi ya kaunti hii ni Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Mbuga hizo ziliundwa mwaka 1948, na babu zetu hawakuitwa kwenye kikao cha kuchora mipaka. Hesabu ya wanyamapori ya 2021 ilipata ndovu 36,280 Kenya nzima, na karibu 15,000 kati yao wako hapa katika eneo la Tsavo. Ndovu mzima anaweza kula kilo 150 kwa siku. Ukiweka idadi hiyo pembeni ya mashamba ya mahindi na pojo, tena mwaka wa ukame, huhitaji mganga akueleze kwa nini wanakuja.

Wazee wanakumbuka tulikotoka. Sheria ya zamani ya 1976, ile Sura ya 376, ilikuwa na fidia ya mazao na mali. Mwaka 1989 sheria ikarekebishwa, KWS, shirika la serikali linalosimamia wanyamapori, likaundwa, na katika marekebisho hayo hayo fidia ya mazao na mali ikafutwa. Ikabaki ya kifo na majeraha tu. Na kifo chenyewe kililipwa shilingi 30,000, baadaye zikapanda hadi 200,000. Ndiyo kusema kwa karibu robo karne, gunia la mahindi lililoishia tumboni mwa ndovu halikuwa na bei yoyote kisheria. Mkulima alikuwa anaripoti ili maaskari waje wapige risasi hewani, basi. Mazoea hayo yametukaa mpaka leo: watu wengi hapa bado wanaripoti ili ndovu afukuzwe, hawaripoti ili walipwe. Sheria ilishabadilika. Sisi bado.

Sheria inayotumika sasa ni Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013, iliyoanza kazi Januari 2014. Mwenye kalamu aandike: kifungu cha 25. Mkirudi nyumbani na namba hiyo peke yake, safari yangu haikuwa bure.

Kifungu hicho kinasema hivi. Mtu akiuawa na mnyama aliyetajwa kwenye orodha ya sheria, familia yake inadai milioni 5. Akibaki na ulemavu wa kudumu, milioni 3. Majeraha mengine, mpaka milioni 2, kwa kadiri ya jeraha. Mazao, mifugo na mali nyingine hulipwa kwa bei ya soko ya wakati huo. Mali nyingine maana yake ni pamoja na lile tangi la maji lililopinduliwa, mabomba yaliyong'olewa, na ukuta wa ghala uliosukumwa kwa sababu ndani kulinukia mahindi. Watu hudai mahindi wakasahau tangi, na tangi mara nyingi ndilo la bei.

Sasa angalieni njia mbili ambazo dai hupitia, kwa sababu hazifanani. Yote huanzia kwenye kamati ya kaunti ya uhifadhi na fidia. Humo mna afisa wa kilimo, wa mifugo, wa afya, polisi, wawakilishi wa jamii, na afisa wa KWS ndiye katibu. Kamati ikishahakiki, dai la kifo au jeraha huenda kwa Waziri. Dai la mazao, mifugo na mali huenda kwa KWS yenyewe. Yaani yule anayemchunga ndovu ndiye anayeamua kama ndovu wake amekosa, na ndiye anayelipa. Sisemi maafisa ni watu wabaya. Wengine ni majirani zetu, na tunajua wanavyokesha porini na tochi na gari moja linalohudumia lokesheni tatu. Ninachosema ni kwamba hakuna anayependa kujitoza faini kwa mkono wake mwenyewe, na Bunge lingepaswa kulifikiria hilo.

Nimetaja orodha. Ndovu yumo, nyati, kiboko, simba, chui, duma, fisi, mbwa mwitu, mamba, kifaru, hata punda milia, pofu na nyumbu kwa upande wa mazao. Nyani hayumo. Tumbili hayumo. Naona mama zangu mnacheka, na najua kicheko hicho si cha furaha. Kwa mtu anayelima miteremko ya Sagalla au kule Mwatate, ndovu ni jambazi wa msimu, nyani ni mwizi wa kila siku, na sheria imemkumbuka jambazi peke yake. Mwite askari aje amfukuze nyani, ni haki yako. Ila usitoe nauli kwenda kujaza fomu ya fidia kwa ajili yake. Hilo ni la kumbana mbunge, kwa sababu orodha iko ndani ya sheria na anayebadilisha sheria ni Bunge. Afisa wa Voi hawezi kuongeza jina hata akikuonea huruma.

Tuje kwenye sharti ambalo limeua madai mengi. Kifungu kile kile cha 25 kinasema hakuna fidia ya mali ikiwa mwenyewe alishindwa kuchukua hatua zifaazo za kuilinda, au ikiwa anavyoitumia ardhi yake hakupatani na mpango wa usimamizi wa mfumo ikolojia wa eneo hilo.

Hatua zifaazo ni zipi? Sheria haikusema, na kanuni ya kiasi hiki haipaswi kuachwa kwenye kichwa cha afisa mmoja. Maoni yangu, na ndivyo ningesimama kuyasema mbele ya hakimu, ni kwamba kipimo ni mkulima mwingine wa uwezo ule ule. Mwenye ekari 2 za mahindi haulizwi uzio wa umeme. Anaulizwa kama aliweka miba, au vipande vya mabati vinavyoning'inia kwenye waya vikapiga kelele upepo ukivuma, au matambara yaliyolowekwa oili chafu na pilipili, au kama alikesha kwenye kilindo akapiga debe. Ukifanya kimoja au viwili vya hivyo kama wafanyavyo jirani zako, umefanya yafaayo.

Mizinga ya nyuki tunaijua. Sagalla hapa ndipo mtafiti wa ndovu Lucy King na wenzake wa shirika la Save the Elephants walipojenga ua wa mizinga, na dunia ikaja kujifunza kwetu. Mzinga mmoja kila mita 10, wa kweli na wa kuigiza kwa zamu, yote imeunganishwa kwa waya. Ndovu akiugusa waya gizani, mizinga inatikisika, nyuki wanatoka, na ndovu, pamoja na ukubwa ule, ana sehemu laini machoni na ndani ya mkonga. Inafanya kazi. Lakini kila aliyefuga nyuki hapa anajua ukame ukishika na maua yakakosekana, nyuki wanahama, na mzinga unabaki sanduku. Ukame wa 2022, ule ulioua ndovu zaidi ya 200 nchini kati ya Februari na Oktoba kwa hesabu ya wizara, ndio wakati ndovu walipokuwa na njaa zaidi na nyuki walipokuwa haba zaidi. Kwa hivyo mtu asije akamwambia mkulima asiye na mizinga kwamba amezembea.

Na hapa niseme jambo ambalo naona sheria ingejifunza kwa wafugaji. Kule Mbirikani, karibu na Amboseli, kuna mfuko wa fidia wa mifugo ulioanza 2003. Ng'ombe akiliwa na simba, wakaguzi wanatazama boma. Kama boma lilikuwa imara, unalipwa zaidi. Kama lilikuwa hafifu, unalipwa kidogo. Hukosi kabisa. Sheria yetu haina katikati: ama ulilinda, ulipwe, ama hukulinda, uende nyumbani. Mtu aliyejitahidi nusu anapata sawa na aliyelala usingizi. Hilo si haki, na pia linamvunja moyo anayejitahidi.

Sehemu ya pili ya sharti, ile ya matumizi ya ardhi, inawahusu zaidi waliolima kwenye mapito. Kama mpango wa eneo umeandika kuwa bonde fulani ni njia ya ndovu, nawe umepanda tikiti maji katikati, dai lako lina ugonjwa tangu siku ya kupanda. Lakini mpango huo hauandikwi usiku. Wananchi wanapaswa kushirikishwa. Mkisikia kuna kikao cha mpango wa usimamizi, nendeni, hata kama ni siku ya soko. Mstari utakaochorwa siku hiyo ndio utakaosomwa siku ya dai.

Sasa tuzungumze juu ya asubuhi yenyewe. Umeamka, shamba limelazwa chini. Mahindi mengine yameliwa, mengi yamekanyagwa tu, ndizi zimepasuliwa kati, na kinyesi kikubwa bado kinatoa mvuke. Kinachofuata kwa wengi wetu ni hasira. Mtu anafungulia mbuzi na ng'ombe waingie wamalizie, kwa kuwa afadhali wale wao kuliko kuoza. Siku ya tatu afisa wa kilimo anafika, anakuta nyayo za mbuzi, mavi ya mbuzi, na mabua yaliyotafunwa na mbuzi. Ataandika nini? Anaandika alichokiona.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla hujagusa kitu, toa simu. Piga picha shamba zima kutoka pembe nne. Piga picha nyayo, uweke kitambulisho chako au fimbo kando yake ili ukubwa uonekane. Piga picha kinyesi, miti iliyochunwa magome, na mahali walipovunja ua. Mahali walipovunja ua ni muhimu kuliko vyote, maana panathibitisha kwamba ua ulikuwepo. Bora zaidi uwe na picha ya ua huo tangu mwezi wa kupanda, ukiwa mzima. Dakika moja ya mwezi wa tatu inaweza kukuokolea mabishano ya miaka.

Kisha ripoti kituo cha KWS kilicho karibu siku hiyo hiyo, na usiondoke bila namba ya kumbukumbu kutoka kwenye kitabu chao. Kupiga simu si kuripoti. Ni kuomba msaada. Fanya yote mawili. Mwarifu naibu wa chifu, upate barua. Afisa wa kilimo ndiye anayethamini mazao, wa mifugo ndiye anayethamini ng'ombe na mbuzi. Akija, tembea naye. Mwoneshe mpaka wa shamba, kwa sababu ekari zinazokadiriwa kwa macho kutoka kwenye pikipiki huwa ni chache kila mara. Muulize amehesabu mahindi yakiwa katika hali gani. Mahindi ya magotini na mahindi yaliyobakiza wiki mbili kuvunwa si kitu kimoja, na bei ya soko ni bei ya mahindi yaliyokomaa. Usisome ripoti kwa mara ya kwanza siku unayoletewa majibu. Omba nakala mapema.

Kwa jeraha, hospitali kwanza, halafu polisi, fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari huijaza kuhusu jeraha, na ripoti ya daktari. Kwa msiba, najua hakuna anayetaka kusikia haya mbele ya jeneza, lakini msizike kabla ya uchunguzi wa daktari. Bila ripoti ile, milioni 5 zinageuka hadithi.

Haya, umefanya yote, fomu ziko kwa kamati. Miezi inapita. Ukienda, unaambiwa kamati haijakaa. Ukirudi, unaambiwa imekaa, majina yamekwenda Nairobi. Ukirudi tena, unaambiwa Hazina haijatoa pesa. Na kweli pesa ni tatizo, madai yaliyorundikana nchini yamefikia mabilioni ya shilingi. Lakini sikilizeni kwa makini hapa, kwa sababu ndipo penye lile pengo nililolitaja.

Sheria inasema asiyeridhika na uamuzi anaweza kukata rufaa kwa Mahakama Maalumu ya Mazingira, na kutoka hapo kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Anapewa siku 30. Siku 30 kuanzia lini? Kuanzia alipoarifiwa uamuzi. Usipoarifiwa, siku hazianzi kuhesabiwa, na huna uamuzi wa kuukatia rufaa. Ofisi inayokunyima kwa barua inakupa njia ya mahakamani. Ofisi inayonyamaza haikupi chochote, na kwa sababu hiyo kunyamaza kumekuwa rahisi kuliko kukataa. Ndiyo maana mnakutana na mtu aliyejaza fomu mtoto wake akiwa darasa la kwanza, na sasa mtoto yuko sekondari.

Dawa yake haimo kwenye sheria ya wanyamapori. Imo kwenye Katiba, kifungu cha 47: kila mtu ana haki ya hatua za kiutawala zinazochukuliwa kwa haraka, kwa haki na kwa kufuata sheria, na ya kupewa sababu kwa maandishi pale haki yake inapoguswa. Ipo sheria ya 2015 inayotekeleza kifungu hicho, na kuchelewa pasipo sababu ni jambo linaloweza kupelekwa mahakamani. Lakini kabla ya mahakama, anza na barua. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inailazimu taasisi ya umma ikujibu ndani ya siku 21. Andika: dai langu namba fulani, la tarehe fulani, je, kamati ilikaa lini juu yake, iliamua nini, na liko kwa nani sasa? Ukurasa mmoja, nakala mbili, na ya kwako igongwe muhuri wa kupokelewa. Hapo ama utajibiwa, na siku 30 zako zianze, ama hutajibiwa, na utakuwa na ushahidi kwamba hukujibiwa. Vyote viwili ni bora kuliko ulipo leo. Na mkiandika watu 40 wa kata moja siku moja, ofisi itawaona tofauti na mtu mmoja anayekaa kwenye benchi.

Kuna vijana watasema, wakili, hayo yote ya nini, tuwamalize wenyewe. Nawaelewa. Lakini mjue bei. Katika Sheria ya 2013, kosa dhidi ya spishi iliyo hatarini kutoweka, ndovu akiwemo, liliwekewa faini isiyopungua milioni 20 au kifungo cha maisha. Kuna tofauti ya mbingu na ardhi kati ya kujitetea uso kwa uso na simba aliyekuvamia, ukaripoti papo hapo, na kumwekea sumu kesho yake. Desemba 2015 huko Maasai Mara, baada ya simba kula ng'ombe, mzoga ulitiwa sumu. Simba walikufa, na tai waliokuja kula nao wakafa, na wafugaji wawili wakafikishwa mahakamani. Mwezi Mei 2023 upande wa Amboseli, simba 10 waliuawa, sita kati yao baada ya kuua mbuzi 11 na mbwa. Wenye mbuzi wale walikuwa na dai. Kisha mkuki ukawageuza kutoka wadai kuwa washukiwa. Na waya wa umeme wa stima ya nyumbani uliofungwa shambani usiuguse kabisa. Unaua mtoto wa jirani kabla ya kuua ndovu.

Ndugu zetu wa Taveta wataniuliza habari za upande wa pili, kwa sababu ndovu wa Ziwa Jipe hana pasipoti na asubuhi yuko mbuga ya Mkomazi, Tanzania. Tanzania wana kifuta jasho na kifuta machozi. Kanuni walizotunga 2011 ziliweka shilingi zao milioni 1 kwa kifo, zikaliacha nje shamba lililo ndani ya mita 500 kutoka mpaka wa hifadhi, na zikahesabu ekari 5 tu hata kama umepoteza 10. Kule serikali inatoa pole, haikiri deni. Kwetu imekiri deni kubwa, ila inachelewa kulilipa. Mkulima wa Rombo na wa Taveta wakikutana sokoni Holili, sijui nani amhurumie mwenzake.

Mwenyekiti, nimeambiwa nimebakiza dakika chache, na naona mikono imeanza kuinuka. Pale kwenye meza kuna mfano wa barua niliyoieleza, wa Kiswahili na wa Kiingereza, nafasi za kujaza jina na namba ya dai zimeachwa wazi. Wenye madai yasiyojibiwa wakae mstari wa kushoto pamoja na karatasi zao, tuanze na ya zamani kabisa. Wasio na namba ya dai waanze kwa karani wa mkutano. Na yule mama wa kanga ya kijani aliyeinua mkono tangu nilipomtaja nyani, nitaanza na swali lake.